Fungu la Asiyelipa

Kwenye vibanda vya nyama choma vya Chanika, mjini Handeni, mteja hasomi karatasi ya vyakula. Anasimama mbele ya bucha, anatazama paja na mbavu zinazoning'inia, ananyoosha kidole: "Nikatie hapo, na huo mfupa uuache." Kipande kinapanda mizani, uzito unasomwa, bei inatajwa, ndipo nyama inapoingia jikoni. Mchomaji anaitia chumvi, anaigeuza juu ya mkaa kwa vidole vilivyokwisha zoea moto, kisha anailaza kwenye ubao na kuikatakata. Pembeni anaweka kachumbari, pilipili na kipande cha ndimu. Anakuja kijana na birika la maji ya moto na beseni. Watu wananawa, na kabla tonge la kwanza halijaingia mdomoni, mmoja wao anageukia meza ya jirani, hata kama hajuani na walioketi pale, na kusema: "Karibuni."

Jirani anajibu, "Ahsante, endeleeni." Kila mmoja anajua kwamba jibu ndilo hilo. Lakini jirani huyo akiamua kuvuta kiti na kusogea, nani atamfukuza? Atapishwa nafasi, ataletewa maji, na kilo iliyonunuliwa kwa watu watatu italiwa na wanne. Mizani imesema nyama ni ya aliyeilipia. Ulimi umesema ni ya aliyepo. Kauli hizi mbili zinaishi mezani pamoja bila kugombana, na hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia tangu zamani: mkarimu ni nani? Je, meza inayomwaga nyama bila kupima inatoa, au inauza kwa njia nyingine?

Ulimwenguni, nchi mojawapo iliyojijengea jina kwa meza ya namna hiyo ni Argentina. Huko wavu wa chuma huwekwa juu ya makaa, zikapangwa mbavu, minofu minene, soseji na figo, na mchomaji hupewa heshima ya fundi. Jijini Buenos Aires zipo nyumba za chakula ambako mtu hulipa mara moja akala mpaka ashindwe. Afrika Mashariki nayo ina ya kwake: Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa 1980. Pale kuna shimo kubwa la makaa, nyama hutungwa kwenye mapanga ya Kimasai, na wahudumu huzunguka meza baada ya meza wakimkatia mgeni juu ya sahani yake. Mezani kuna kibendera. Kikiwa kimesimama, nyama inaendelea kuja. Mlaji akikilaza, amesalimu amri. Mwaka 2002, na tena 2003, jarida la Restaurant la Uingereza liliitaja Carnivore miongoni mwa hoteli 50 bora za chakula duniani.

Mgeni hutoka kwenye nyumba kama hizo akisema amekirimiwa, na furaha yake ni ya kweli. Mtu aliyekua akigawiwa kinofu kimoja juu ya mlima wa ugali anajua uzito wa kuambiwa "ongeza". Kilichomfurahisha, hata hivyo, ni kule kutohesabiwa. Hakuona mizani. Lakini mwenye nyumba alikwisha mhesabia kabla hajaketi, maana anajua tumbo la binadamu lina mwisho, na bei aliyoiweka mlangoni inamtosha kumlisha mlafi na mla kidogo kwa pamoja. Hiyo ni biashara nzuri, tena ya haki. Ukarimu ni jambo jingine.

Hata utele wenyewe hautoshi kumfanya mtu mkarimu. Ng'ombe wa Argentina waliletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakazaliana kwenye nyanda za Pampas mpaka wakawa hawana mwenye kuwahesabu. Kwa muda mrefu kilichokuwa na thamani ni ngozi na mafuta yao. Wapanda farasi waitwao gaucho waliangusha ng'ombe, wakala sehemu waliyoipenda, wakawaachia ndege mzoga. Charles Darwin alipopita nyanda hizo mwaka 1833 alikaa siku kadhaa bila kula kitu ila nyama, kama wenyeji wake. Inasimuliwa kwamba mpita njia mwenye njaa aliweza kuchinja ng'ombe wa mtu, mradi ngozi amwachie mwenyewe. Inasikika kama ukarimu wa ajabu, mpaka mtu ajiulize mwenye ng'ombe alipungukiwa nini. Mwishoni mwa 1876 meli ya Kifaransa iliyoitwa Le Frigorifique iliingia Buenos Aires na vyumba vyake vya baridi, ikathibitisha kwamba nyama inaweza kuvuka bahari bila kuoza. Kuanzia hapo nyama ya Pampas ikaanza kutafutiwa bei Ulaya, na nyanda zikazungushiwa waya. Katika miaka hiyohiyo jeshi chini ya Jenerali Julio Roca lilikuwa likiwaondoa wenyeji wa asili kwenye ardhi yao, na mashamba makubwa yakaangukia mikononi mwa wachache. Mpita njia akabaki na njaa yake.

Basi tuanze upya, kwa mwenyeji ambaye Waislamu na Wakristo wote wanamwita baba.

Kitabu cha Mwanzo kinamweka Ibrahimu mlangoni pa hema lake wakati wa jua kali, wageni watatu asiowajua wakasimama mbele yake, naye akapiga mbio kwenda kuchagua ndama mzuri. Kurani inasimulia habari hiyo katika Sura Hud na katika Sura Adh-Dhariyat: aliondoka taratibu kwenda kwa watu wa nyumbani kwake, akarudi na ndama aliyechomwa, akawasogezea karibu. Wafasiri wamekitazama kitendo hicho kwa makini makubwa. Hakuwauliza kama wana njaa, kwa sababu mgeni akiulizwa hukataa. Aliondoka kimya, wasije wakamzuia. Hakuwaita waende kilipo chakula. Chakula ndicho kilichowaendea.

Kuna tofauti moja inayostahili kufikiriwa. Katika Mwanzo wageni walikula. Katika Kurani hawakunyoosha mkono, wala hawakuweza, kwa kuwa walikuwa malaika, na Ibrahimu akaingiwa na hofu. Ndama alikwisha chinjwa, moto ulikwisha wake, na mbele ya walengwa halikuliwa hata tonge moja. Je, ukarimu wake ulipotea? Hakuna mwanazuoni aliyesema hivyo. Kwa hiyo ukarimu ulikamilika kabla ya kula, pale alipowatolea watu asiowajua kitu kizuri alichokuwa nacho, bila kujua kama wataweza kumlipa. Kwa kipimo hiki, kilo za nyama zilizoingia matumboni si ushahidi wa chochote.

Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inakwenda mbali zaidi. Nyumbani kwa Mtume alichinjwa kondoo, nyama ikagawiwa. Mtume alipomuuliza Bibi Aisha kimebaki nini, alijibiwa kwamba limebaki bega tu. Mtume akamwambia kuwa kondoo mzima amebaki, isipokuwa hilo bega. Muuza bucha akiisikia hesabu hii atashika kichwa, kwa kuwa imepindua daftari lake lote: kilichotolewa kimehifadhiwa, kilichobaki kwa mwenyewe ndicho kinachokwenda kupotea. Kwa hesabu hiyo, kilo iliyoliwa Chanika na walioilipia imekwisha, na kinofu alichopewa mtu wa meza ya pili ndicho pekee kilichobaki.

Anayedhani haya ni mawaidha ya mimbarini tu afuate nyama ya Idd el Hajj kutoka machinjoni hadi mlangoni kwa mtu. Katika Handeni na Korogwe, kama ilivyo pwani nzima, Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Imam Shafi'i, na madhehebu hayo yana masharti ya kina juu ya mnyama wa udhiya. Imependekezwa kugawa mafungu: la nyumbani, la jamaa na marafiki, la maskini. Nyama yake haiuzwi na aliyechinja, wala ngozi. Mchinjaji halipwi kwa kukatiwa paja. Ujira wake hutoka mfukoni mwa mwenye mnyama, na akipewa nyama, apewe kama zawadi au sadaka. Yaani siku hiyo mnyama anaondolewa sokoni kabisa. Mizani ikitumika, ni kwa ajili ya kusawazisha mafungu.

Sharti zuri kuliko yote ni dogo, na wengi hulipita bila kuliona. Fungu la maskini, kwa mujibu wa Shafi'i, ni lazima limfikie likiwa bichi. Kumwalika na kumpakulia pilau hakutoshi. Sababu wanayoitoa wanazuoni ni kwamba maskini anapaswa kumilikishwa nyama, aifanye atakalo. Anaweza kuichoma, kuikaanga, kuichemshia wanawe supu, kumpelekea mama yake, hata kuiuza akitaka, ingawa aliyechinja mwenyewe hawezi. Fikiria maana yake. Mtu aliyealikwa hula kwa sura ya mwenye nyumba: anaketi anapoelekezwa, anacheka mwenyeji anapocheka, anashukuru mara tatu. Mtu aliyeletewa fungu bichi anafunga mlango wake, anawasha moto wake, na mgeni akibisha hodi saa hiyo, ni yeye anayesema karibu. Sheria imemfanya mwenyeji.

Hapa ndipo hoja ya makala haya ilipo. Ukarimu uliokomaa haumwachi mtu akiwa mgeni wa kudumu. Unampa sehemu, tena sehemu ambayo ni haki yake, kama Kurani inavyosema kwamba katika mali za wema imo haki ya anayeomba na ya asiyejaliwa. Injili ya Luka, sura ya 14, inakaza uzi huohuo kwa upande mwingine: mwenye kufanya karamu asiwaite marafiki na majirani matajiri, ambao watamwalika nao wakamlipa, awaite maskini, vilema na vipofu, kwa kuwa hawana cha kumrudishia. Mkristo wa Kideleko, ambako misheni ya Kianglikana imekuwapo tangu enzi za wamisionari wa UMCA, akiisoma sura hiyo kabla ya kuandika majina ya waalikwa wa harusi, atajikuta anaifuta nusu ya orodha yake.

Wafugaji nao wamelifikiria jambo hili, bila kitabu. Wamasai, ambao baadhi yao ni wenyeji wa nyika za Handeni kwa vizazi vingi, hawamruhusu morani kula nyama peke yake. Ni lazima awe na rika lake. Ng'ombe akichinjwa, viungo vyake vina wenyewe: vipo vya wazee, vipo vya wanawake, vipo vya vijana. Mnyama amekwisha gawanywa na desturi angali akitembea. Anayepokea fungu lake hababaiki kwa shukrani, kwa sababu hajafadhiliwa. Hali kadhalika mtani msibani: huvamia chungu, hujichotea, hukamata hata kuku wa mfiwa, na hakuna anayemwita mwizi. Jamii hizi zilielewa kwamba anayekula kwa huruma ya mtu anakula kwa shida, zikaona afadhali ale kwa haki.

Wapo watakaosema, na wana hoja nzito, kwamba njia safi kuliko zote ya kumwondolea mtu aibu ya kupokea ni bei. Aliyelipa hana wa kumwinamia. Mfaransa Marcel Mauss alionyesha katika kazi yake ya 1925 kwamba zawadi katika jamii nyingi huja na deni: aliyepokea ana wajibu wa kurudisha, na asipoweza, hadhi yake hushuka. Manamba waliofika kwenye mashamba ya katani ya Korogwe kutoka mbali walijua tofauti ya posho anayopangiwa mtu na nyama aliyoinunua kwa mshahara wake siku ya malipo. Mwalimu Nyerere naye, alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, hakuusifia ukarimu wa kale bila kutaja jembe analokabidhiwa mgeni siku ya tatu. Meza ya Chanika inamruhusu fundi baiskeli na ofisa wa halmashauri kula nyama ileile, kwa bei ileile, bila mmoja kumdai mwenzake salamu. Ni kitu cha kuheshimiwa.

Lakini bei inamkomboa mwenye nayo tu. Wazigua wanalijua hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1830 ukame ulifuatana mwaka kwa mwaka katika nchi yao, njaa ikaua watu, na waliobaki wakaahidiwa kazi ya ujira katika nchi ya mbali. Kwa tumaini la kula, familia zikapanda majahazi. Huko kusini mwa Somalia zikauzwa utumwani. Hiyo ndiyo sura ya meza pale asiyekuwa na kitu anapobaki na mlango mmoja tu, wa muuzaji: akikosa fedha, hulipa kwa mwili wake. Baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji kando ya mto Juba, wakakitunza Kizigua kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991, sehemu ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Handeni, wakawekwa Mkuyu kisha Chogo, na wengi wakapewa uraia. Wakafika na lugha ambayo wenyeji waliielewa. Chogo walipatiwa ardhi ya kulima, na huo, kwa kipimo cha fungu bichi, ni ukarimu wa daraja la juu kuliko kupewa mgao wa unga peke yake.

Si kila aliyeletwa Handeni amepokewa katika hali hiyo. Juni 2022 serikali ilianza kuhamishia familia za wafugaji kutoka Ngorongoro katika kijiji cha Msomera. Serikali imesema waliohama walihama kwa hiari; mashirika ya haki za binadamu yamelipinga hilo, na wapo wakazi wa awali wa Msomera waliolalamika kwamba ardhi yao imegawiwa wengine. Mtu anaweza kukabidhi nyumba na ekari kadhaa, lakini kama alichokitoa kilikuwa cha jirani, neno ukarimu halikai. Ibrahimu alichukua ndama wa zizi lake mwenyewe.

Limebaki suala la nani anaweza kuitikia anapokaribishwa. Sehemu kubwa ya Tanzania imezoea kwamba mchinjaji wa machinjio ya umma ni Muislamu, hata pale wenye bucha na walaji ni Wakristo. Februari 2013 mzozo juu ya desturi hiyo ulilipuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Tangu hapo suala la kisu limezungumzwa kama suala la mamlaka: nani ana haki ya kukishika. Lingezungumzwa vizuri zaidi kama suala la sinia. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, aliwakubalia wenye elimu kwamba nyama yenyewe haimsogezi mtu kwa Mungu wala haimtengi naye. Hata hivyo alikuwa tayari kuiacha kabisa kuliko kumkwaza ndugu. Mwenye kibanda Mkristo wa Korogwe anayehakikisha nyama yake imechinjwa kwa namna ambayo jirani Muislamu anaweza kuila hajapoteza imani yake. Ameifanya "karibu" yake iwe na maana, maana kumkaribisha mtu chakula unachojua hawezi kukigusa ni kumfukuza kwa adabu. Na Muislamu naye, anapoalikwa kwa Mkristo aliyejisumbua hivyo, ana deni la kwenda.

Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, idadi inayoiweka miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kwa mifugo, na bado ziko nyumba nyingi Handeni na Korogwe zinazoonja nyama siku ya sikukuu tu. Vibanda vya choma haviwezi kulaumiwa kwa hilo, na hakuna sababu ya kuona haya kula kilo uliyoitolea jasho. Kosa ni kuridhika kwamba sikukuu za familia nazo ziendeshwe kama kibanda: harusi ya kadi za michango ambako asiyechangia hapewi kiti, au Idd ambayo nyama yote inaishia kwenye jokofu la aliyechinja na sinia moja la pilau linatolewa barazani ili majirani waone.

Anayekusudia kuchinja Idd el Hajj ijayo, awe Manundu, Mombo, Mkata au Kabuku, atenge fungu la maskini kwanza, kabla la kwake halijaingia jikoni. Alitoe kwenye nyama nzuri, asiwape watu kongoro na utumbo akabaki na paja. Alipeleke likiwa bichi, mlangoni, kwa mtu ambaye hawezi kumrudishia. Na jirani Mkristo anayejiandaa kwa Krismasi hahitaji fatwa kufanya vivyo hivyo.